Kidike kwa popo na watoto, panafaa?

Bint_Mkunazini: Asalam alaykum wana Pemba. Likizo ya skuli nnakuja Chake Chake na wanangu watatu kwa shangazi yao. Msitu wa Jozani huku Unguja washazoea, kima punju wamewaona mpaka wamewachoka, sasa wameng'ang'ania Kidike wakaone popo. Mie nikisikia popo halafu Pemba moyo unanidunda, mnajua wenyewe kwa nini 😂 Niende saa ngapi, na kuna la kuogopa?

karafuu_mbichi: Waalaykum salaam dada. Yule Popobawa unomfikiria, jini la hadithi za kutisha, hakai Kidike 😂 hawa chakula chao matunda, maua na majani. Mchana usende, utawakuta wananing'inia wamelala na jua linakuchoma bure, nenda saa kumi na moja hivi, magharibi ikikaribia wanaanza kugombana makelele juu ya miti halafu wanaondoka makundi kwa makundi, mashallah, na akikunjua mabawa anafika mita 1.6 na sura kama kijibwa. Shika barabara ya Wete, ukifika pande za Ole uliza. Kodi gari kabisa maana kurudi ni usiku.

Mpemba_Halisi: Mnawasifu tu nyie. Shelisheli langu, maembe, mapera, usiku wakishapita asubuhi naokota makokwa. Zamani tulikuwa tunawapiga tunawala, sa hivi ukiokota jiwe tu unaambiwa acha mali ya asili hiyo

karafuu_mbichi: Kaka hayo makokwa wanayokwenda kuyatupa huko ndo miti inavoota msituni bila ya mtu kupanda. Bunduki na kukata misitu ndo vilowamaliza, 1996 waliwekwa kwenye orodha ya walio ukingoni kabisa kutoweka duniani, watu wa Kidike na vijiji vengine wakaacha kuwawinda wakaongezeka, mpaka 2008 wakashushwa daraja la hatari. Na hawapo kwengine kokote, Pemba tu. Hata kima punju wa msitu wa Ngezi hapa Pemba kaletwa kutoka Unguja miaka ya 70, popo ndo mwenyeji.

Mpemba_Halisi: Mwenyeji gani asongoja kukaribishwa kwenye shelisheli la mtu 😏 haya bwana

mama_Aisha: Shoga waambie watoto wasipige makofi wala kelele ili waruke, wengine hufanya hivo kwa ajili ya picha, si vizuri hata kidogo. Na vaeni kofia, wale wakipita juu hawakuulizi.

Bint_Mkunazini: Kofia?? Basi watoto wataenda na shangazi yao, mie nawasubiri kwenye gari vioo juu.