Hadubini ya shule na kirusi: kwa nini nisiongeze lenzi tu?

mwalimu_Tukuyu
Wakuu, shikamooni mliotutangulia. Nafundisha baiolojia hapa Tukuyu. Tuna hadubini moja nzima, ile ya kioo cha kuelekezea jua, kwa hiyo wingu likikaa juu ya shule, kipindi kimekufa. Juzi jua lilitoka, nikawaonyesha ngozi ya kitunguu. Binti wa dawati la nyuma akauliza: "Mwalimu, hii inakuza mara 400. Tukipanga lenzi juu ya lenzi mpaka mara laki moja, si tutakiona kirusi?" Nikasema haiwezekani. "Kwa nini?" Nikamwambia tutaendelea kesho. Kesho hiyo imeshapita mara mbili.

Halafu nina dhambi nyingine. Mafuta ya kudondoshea kati ya slaidi na lenzi ya mia (ile ya kukuza mara mia) yaliisha, nikaweka ya alizeti. Picha ikawa kama naangalia kupitia uji.

Mzee wa Slaidi
Marahaba mwalimu. Nimesoma slaidi za malaria miaka 22 huku Mbozi. Mvalishe binti glovu za fundi wa kuchomelea, umpe mchele wa Kyela achambue. Kokoto ataipata, chembe ya mchanga haipati ng'o. Mwanga ndio glovu yenyewe. Wimbi lake lina urefu wa nanomita 400 hadi 700, na Mjerumani Ernst Abbe alionyesha mwaka 1873 kwamba vitu viwili vikikaribiana kuliko nusu ya wimbi hivi, unaviona kimoja. Kwetu sisi ni kama nanomita 200. Kimelea cha malaria, hata kikiwa bado kichanga, chenye umbo la pete, kinapita nanomita elfu moja, ndiyo maana tunakikamata. Kirusi cha korona ni kama 100. Ongeza lenzi uone, utakuza ukungu.

Alizeti: mafuta yenyewe yanapinda mwanga sawa na kioo, kipimo cha kupinda ni 1.515 hivi. Alizeti ni kama 1.47. Uji wako umetoka hapo.

mpitanjia_Uyole
Kama kuzumu picha ya WhatsApp ili usome namba ya gari 😂

Dada_Kihesa
Mzee, heshima yako, ila umetuacha 1873! Mwaka 1931 kule Berlin, Ernst Ruska na Max Knoll waliacha mwanga wakatumia elektroni, ambazo wimbi lake ni dogo mno. Virusi vikaja kuonekana kwa njia hiyo. Tatizo, ndani ya mashine ni ombwe tupu, hakuna hewa, sampuli inakauka. Na ukiigandisha? Wa Makete wanajua: baridi ikipiga viazi usiku, asubuhi majani ni meusi, barafu imechana seli. Jacques Dubochet akagundua kwamba maji ukiyagandisha ghafla sana hayapati nafasi ya kutengeneza chembe za barafu, yanakuwa kama kioo, na kilichomo kinabaki na umbo lake. Nobeli ya 2017 hiyo, pamoja na Joachim Frank na Richard Henderson.

Mimi lakini nampenda Stefan Hell, aliyebaki na mwanga huohuo. Mwale wa kwanza unawasha rangi kwenye sampuli. Wa pili una umbo la ngata, unazima pembeni kote, kinabaki kidoa kwenye tundu. Unakitembeza kidogo kidogo, picha inajichora. Eric Betzig alikuja kwa njia nyingine. Simama Ipogolo, pale chini ya mji wa Iringa, usiku uangalie mjini juu: taa zote zikiwaka ni wekundu mmoja tu. Kila nyumba ikiwasha kwa zamu, unaweka nukta ya kila moja kwenye karatasi. Taa hizo ndizo molekuli za rangi kwenye sampuli. Wote wawili walipata Nobeli 2014, na William Moerner.

mwalimu_Tukuyu
Dada, ngata nimeielewa kuliko kitabu. Kesho naenda na ya mama watoto. Mzee, sasa hiyo lenzi yenye alizeti naisafishaje?

Mzee wa Slaidi
Karatasi laini ya lenzi, kavu kwanza. Ikigoma, spiriti tone moja kwenye karatasi, siyo kwenye lenzi, itakula gundi. Kipande cha kitenge usikiguse. Na usilaze na alizeti hata usiku mmoja, ikikauka inashika kama vanishi.

mwalimu_Tukuyu
Imelala tatu.