Amplifaya imebadilishwa transista za mwisho: naiwashaje bila kuichoma tena?

waya_mwekundu: Wakuu, ni amplifaya ya stereo ya nyumbani, jozi moja ya transista za mwisho (zinazosukuma spika), 2SC5200 na 2SA1943, kila chaneli, umeme wa ndani ±42 V. Chaneli ya kulia ilipiga shoti. Imewekewa transista mpya za mwisho, draiva zake mbili (transista zinazoziendesha), na rizista za emita za 0.22 ohm. Mita haionyeshi shoti tena. Balbu ya kinga ya wati ngapi inafaa kuwekwa kwa mfuatano na umeme wa ukutani, na nipime nini kabla ya spika kuguswa?

OhmTano: Kabla ya umeme wowote, pima ohm kati ya kolekta ya kila transista mpya na hitsinki (bati la kupoozea). Isome wazi kabisa. Mgongo wa chuma wa transista hizo ndio kolekta, kwa hiyo maika (karatasi ya kuhami iliyo kati yao) iliyotobolewa na kachembe ka chuma inaipeleka 42 V moja kwa moja kwenye hitsinki. Kisha rudisha trimpoti (rizista ndogo ya kurekebisha) ya bayasi, yaani mkondo wa transista za mwisho bila sauti, pale inapotoa mkondo mdogo kabisa. Angalia mchoro, usikisie, maana kuna saketi ambazo upande huo ni kulia na nyingine kushoto. Ukikosea, transista zote mbili zinafunguka kwa pamoja.

Balbu iwe ya waya wa kuwaka, wati 60, ikatize waya wa laini. LED haifai. Waya wa balbu ukiwa baridi hupitisha umeme kirahisi, ukipata moto unaubana. Kwa 230 V, hata shoti kamili ndani ya amplifaya haitavuta zaidi ya kama 0.26 A. Inayotakiwa ni balbu kumulika ghafla kapasita zinapojaa, halafu ififie. Ikibaki inang'aa, zima, bado kuna shoti.

Ila balbu inalinda transista, haikulindi wewe. Swichi, fyuzi na upande wa kuingilia wa transfoma bado vina umeme wa ukutani.

fundi_kimya: Naongezea kwa OhmTano. Banisha nyaya za mita kwa klipu *kabla* ya kuwasha. Ncha ya mita ikiteleza ikagusa miguu miwili ya transista, umerudi mwanzo, na hiyo inaua amplifaya nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Pima hivi, bila spika, sauti imefungwa. Kwanza umeme wa ndani: chanya na hasi vikaribiane. Chini ya balbu vitapungua kidogo, ni kawaida. Pili, DC kwenye njia ya kutokea, ila pimia kabla ya rilei (swichi inayounganisha spika), kwa sababu umeme ukiwa umepungua rilei inaweza isigonge, ukasoma sifuri ya uongo kwenye vituo vya spika. Chini ya 50 mV ni safi, hadi 100 mV inavumilika. Ukiona volti moja au zaidi, usiendelee. Ikikaa karibu na 42 V, spika ya ohm 8 ingepewa takriban wati 220 za joto tupu.

waya_mwekundu: Balbu imemulika ikafifia, imebaki na wekundu kidogo tu. DC kushoto 12 mV, kulia 31 mV. Rilei haikugonga. Naitoa balbu?

fundi_kimya: Itoe, fyuzi iwe ya kiwango kilekile kilichoandikwa. Rilei igonge baada ya sekunde chache. Sasa bayasi: weka mita kwenye rizista moja ya emita, pandisha trimpoti polepole hadi 10 mV kama mwongozo wa amplifaya yako hautaji namba nyingine. Kwa 0.22 ohm hiyo ni karibu 45 mA. Usiirekebishe ukaondoka. Subiri dakika 15 hadi 20 hitsinki ipate moto, soma tena. Namba ikiendelea kupanda bila kutulia, angalia transista ndogo inayohisi joto. Mara nyingi imesahaulika bila kubanwa kwenye hitsinki, au haina grisi ya joto.

OhmTano: Halafu mzigo wa bandia badala ya spika: rizista ya ohm 8, wati 100, ifungwe kwenye bati nene. Ingiza toni ya 400 Hz kutoka kwenye simu. Nataja 400 kwa sababu mita nyingi za bei nafuu hudanganya juu ya hapo. Volti 4 za AC ni wati 2, volti 9 ni kama wati 10. Kaa hapo dakika kumi, linganisha na chaneli isiyoharibika. Kama rizista ndogo ya ohm 10 iliyo karibu na njia ya spika inaungua, amplifaya inatetemeka kwa masafa usiyoyasikia.

2SC5200 bandia nazo hujitokeza hatua hii. Zinapita kila kipimo cha mita, zinakufa zikibebeshwa mzigo.

bodi_kijani: Kwa wengine mtakaosoma: ikiwa amplifaya ni ya klasi D (transista zake huwaka na kuzima kwa kasi) iliyounganishwa kwa daraja, yaani spika iko kati ya njia mbili za kutokea, vituo *vyote viwili* vya spika vina karibu nusu ya volti za ndani. Pima kati ya kimoja na kingine, na kamwe usiunganishe hasi ya spika na ethi.

Ukitaka kurudisha mkono ndani, chomoa plagi, toa chaji kwa rizista ya ohm 100, wati 10. Kapasita ya 10,000 µF inahitaji sekunde 5 hivi. Pima tena kwa mita ndipo ushike.