Zabibu za barabarani Dodoma: msimu wake hasa ni lini, na zinafikaje Dar zikiwa nzima?

Mgeni_wa_Ipagala
Wakuu, habari za leo. Mwisho wa mwezi wa nane nitakuwa Dodoma siku tatu na nimeagizwa zabibu, kama kilo 10 hivi, za kupeleka Dar. Kila ninayemuuliza ana lake: mmoja anasema msimu ni mwezi wa pili, mwingine ananiambia wa tisa. Nani yuko sahihi? Halafu zile za kwenye ndoo kando ya barabara na zile za mizani sokoni, kipi ni kipi? Ule unga mweupe juu ya punje ni dawa ya shambani au ni nini? Na safari yenyewe, nifunge kwenye nini? Kama kuna kingine cha mtaani cha msimu huo, nisaidieni pia.

Mkasi_wa_Hombolo
Wote wawili wako sahihi, mkuu. Mzabibu wa Dodoma haulazwi na baridi kama wa Ulaya. Anayeuamsha ni mkulima kwa mkasi wake: akishapogoa, hesabu takribani miezi minne uje uvune. Ndiyo maana kuna mavuno mawili kwa mwaka, moja kati ya Februari na Aprili, jingine kati ya Agosti na Oktoba. Na kwa kuwa wa Mpunguzi, wa Matumbulu na wa Hombolo hawapogoi siku moja, zabibu haziingii mjini kwa mkupuo. Zinaanza kidogo kidogo, zinafurika, kisha zinakatika.

Ukipewa kuchagua, chukua za kiangazi. Za kifuku zinakunywa maji kupita kiasi: punje inavimba, ganda linapasuka, ukungu unaingia kwenye ufa, na utamu unakuwa wa majimaji. Za Agosti na Septemba zimekaukiwa kidogo, sukari imejikusanya. Ila na hizo zina mtego wake. Mkulima anayemwagilia akifungulia maji siku chache kabla ya kuvuna, zabibu zake zinarudi kuwa za kifuku.

Mwisho wa Agosti utakutana na za mwanzo, na hapo ndipo wageni wanapoumia. Rangi inatangulia, sukari inafuata nyuma. Kichala kinaweza kuwa cheusi tii na bado kikakukunja uso. Na zabibu si ndizi wala embe. Ikishakatwa haiivi tena, ukiifunika kwenye gazeti siku tatu utapata iliyonyauka na uchachu wake uleule. Kwa hiyo onja, na usionje punje ya juu begani mwa kichala anayokuchumia muuzaji. Onja ya ncha, chini kabisa, kwa sababu hiyo ndiyo huchelewa kuiva. Ikiwa tamu, kichala chote ni kitamu.

Jambo jingine, usije ukatafuta zile kubwa zisizo na mbegu za supamaketi. Nyingi za hapa ni Makutupora nyekundu, ambayo hasa ni ya mvinyo: punje ndogo, ganda nene, mbegu zipo. Utamu wake ni mzito kuliko zile za nje, lakini utatema mbegu.

Kisado
Kuhusu unga mweupe: ule mwembamba uliotandaa sawasawa kama pumzi kwenye kioo ni nta ya zabibu yenyewe. Ukipitisha kidole unafutika na ganda linang'aa. Hiyo ni dalili nzuri, maana haijashikwashikwa. Unga wa kijivu wenye mabaka, na chini yake ganda lina makovu ya kahawia kama utando wa buibui au limepasuka, huo ni ubwiri unga, ugonjwa. Acha. Ukiona chembechembe za njano zimejificha katikati ya kichala, hiyo ni salfa ya kuzuia ugonjwa huohuo. Inahitaji kuoshwa vizuri kabla ya kula.

Baada ya hapo angalia kikonyo. Kikiwa kibichi na kinakunjika, zimekatwa leo au jana. Kikiwa cha kahawia na kinavunjika kama kijiti, zimeshakaa juani. Kunyauka huanzia kwenye kikonyo, punje zinafuata. Inua kichala, kitikise kidogo: zikidondoka tatu nne, hakitafika Dar.

Ndoo au mizani? Ndoo ya lita 20 inapendeza kwa juu, lakini vichala vya chini vimebeba wenzao tangu shambani. Mwombe muuzaji amimine kwenye beseni. Akikataa, wewe endelea na safari. Ukiona majimaji chini na vile visubi vidogo vinaruka, zimeanza kuchachuka. Kisado nacho kina hila yake, vichala vikipangwa kwa ustadi katikati kunabaki hewa tupu, hivyo visado viwili vya wauzaji wawili havilingani uzito. Kwa kilo 10 nenda kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, Majengo au Soko Kuu la Job Ndugai, na hakikisha mshale uko kwenye sifuri chombo kikiwa tayari juu.

Na zilizonyunyiziwa maji zing'ae, usinunue za kusafiri. Maji yanabaki katikati ya kichala, na kesho yake pana ukungu.

Mgeni_wa_Ipagala
Asante sana, wakuu. Nilikuwa nimepanga kuchukua ndoo yenye mfuniko, niibane vizuri, niweke kwenye buti la basi. Naona nimekosea?

Reli_na_Lami
Umekosea mara tatu, ndugu yangu, ila bado hujanunua.

Kwanza kina. Zabibu hazitakiwi kubebana zaidi ya tabaka mbili. Tafuta maboksi mawili mapana na mafupi, kilo 5 kila moja, toboa matundu ya ukubwa wa kidole pande zote nne, tandika gazeti kavu chini. Vichala vilale, vikonyo vielekee juu, ili ukitaka kutoa kimoja ushike kikonyo na si punje. Kabla ya kupanga, pitia kila kichala na mkasi mdogo ukate punje zilizopasuka. Moja iliyopasuka inalowesha jirani zake, na kuoza kunasambaa kutoka hapo.

Pili mfuniko. Zabibu iliyokatwa bado inapumua na kutoa joto. Ukiifungia, joto na unyevu vinabaki ndani. Vilevile usizilaze kwenye friji usiku halafu asubuhi uziingize kwenye basi la moto, zitatoka jasho zote. Afadhali zilale chumbani, kwenye sakafu ya saruji, boksi likiwa wazi. Usiku wa Agosti hapa una ubaridi wa kutosha.

Tatu buti. Liko chini pamoja na joto la injini na magunia ya watu, na kutoka Dodoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 400. Maboksi yakae miguuni pako. Treni ya SGR, ambayo imekuwa ikifika Dodoma tangu 2024, inakupunguzia nusu ya muda na mitikisiko karibu yote. Kwa matunda laini mimi naona haina mjadala. Kuosha ni Dar, na ni zile za kula wakati huo tu.

Bi_Mlenda
Wameshamaliza ya zabibu, niongeze ya mtaani. Nanenane pale Nzuguni itakuwa imepita, usiihesabu. Mwisho wa Agosti ni vumbi na upepo, mchana unaweza kuona kimbunga cha chamchela kinakatiza barabara na mifuko ya plastiki hewani. Kwa hiyo kitu chochote kinachonata, ubuyu wa sukari hasa, nunua uliofunikwa. Wa kwenye sinia wazi una mchanga hata kama huuoni. Ubuyu mkavu usiopakwa rangi ni bora kubeba. Vunja punje moja: unga wake uwe mweupe wa maziwa na ukauke mdomoni. Wa kahawia na unaonata umepigwa na unyevu.

Mahindi ya kuchoma utayaona jioni, lakini ya huku mabichi hasa ni Machi na Aprili. Ya Agosti ni ya kumwagilia au yametoka mbali, na hindi likikaa siku mbili tatu utamu wake unageuka wanga. Bonyeza punje kwa kucha kabla halijaenda kwenye mkaa. Likitoa maziwa, sawa. Lisipotoa, utatafuna mpaka taya liume, na limau na pilipili havitasaidia.

Mlenda mbichi hutaupata, ni wa mvua. Chukua wa kukausha, uliosagwa, uwe wa kijani iliyofifia. Ukiwa wa manjano umekaushwa juani na si kivulini. Karanga zipo tele tangu zilipovunwa mwezi wa tano na wa sita.

Mgeni_wa_Ipagala
Nimeelewa. Maboksi mawili, mizani, naonja ncha. Ninunue asubuhi ya siku ya safari?

Kisado
Kama unaondoka mchana, ndiyo, kati ya saa moja na saa tatu, kabla jua halijazichoma mezani. Kama treni yako ni ya alfajiri, mwambie muuzaji siku moja kabla akuwekee za asubuhi hiyo kivulini, uzipitie jioni. Usinunue zilizoshinda juani kwa sababu tu bei imeshuka magharibi.