Meza ya nje imembwaga baba mkwe. Nimekosea wapi?

Mwenye Mwembe

Wakuu, salaam. Naomba ushauri, na anayetaka kucheka acheke kwanza amalize ndipo aandike.

Mnazijua zile meza za nje, meza na mabenchi yake mawili vimeshikana kitu kimoja, zile za kwenye mahoteli ya ufukweni. Nina mwembe uani hapa Kibaha, kivuli chake kizuri, nikasema lazima niwe na meza ya namna ile. Bei aliyonitajia fundi ilinikata maini. Nikaangalia video mbili tatu, nikanunua mbao za mpaini za nchi mbili kwa sita, nikaazima drili kwa jirani, nikaipiga mwenyewe wikendi tatu. Ikapendeza kweli. Jirani akaja kuipiga picha.

Iddi mosi tukaalika ukweni. Baba mkwe na shemeji yangu wakakaa upande mmoja, mimi na mdogo wangu upande wa pili. Pilau mezani, kachumbari mezani, jagi la juisi ya ukwaju mezani. Mke wangu akaita tukapokee sinia la nyama. Mimi na mdogo wangu tukanyanyuka kwa pamoja. Sijapiga hata hatua mbili, nikasikia mshindo. Kugeuka, meza imesimama wima kama mlango, mzee yuko chali, kanzu nyeupe ya sikukuu imekuwa rangi ya ukwaju, kofia imo kwenye kachumbari.

Hakuumia, nashukuru. Alijipangusa akasema, "Haina neno, mwanangu." Hiyo "haina neno" ndiyo inayoninyima usingizi.

Sasa: kosa liko wapi? Inatengenezeka au niipasue kuni? Na swali la pembeni: mbao zangu zina ule ukijani wa dawa. Mama mmoja mtaani ameniambia si za kulia chakula. Kweli?

---

Kobe Mzee

Nimecheka mpaka nimemwaga chai. Pole sana mkuu. Mahari ulimaliza lakini?

---

Mwenye Mwembe

Imebaki kidogo. Ndiyo maana sina raha.

---

Mhandisi Mstaafu

Kijana, usipasue chochote. Nipe vipimo vitatu. Chini kabisa, kutoka ukingo wa nje wa mguu mpaka ukingo wa nje wa mguu wa pili wa upande uleule wa kichwa cha meza, ni sentimita ngapi? Kutoka katikati ya meza mpaka katikati ya benchi ni ngapi? Na meza ina uzito gani kwa kukadiria?

---

Mwenye Mwembe

Shikamoo mzee. Miguu nje kwa nje ni sm 90. Katikati ya meza hadi katikati ya benchi sm 65. Uzito sijapima, ila tulibeba wawili tukapumzika njiani. Niseme kilo 70. Miguu niliisimamisha karibu wima kwa sababu kuikata mshazari kulinishinda, kila nikikata haulingani na mwenzake.

---

Mhandisi Mstaafu

Marahaba. Basi umejijibu mwenyewe.

Meza hii ni mizani. Inapopinduka haizungukii katikati, inazungukia ukingo wa mguu. Mguu wako unaishia sm 45 kutoka katikati, benchi liko sm 65. Kwa hiyo aliyekaa benchini amekaa sm 20 nje ya mguu. Anainyanyua meza kila anapokaa, ila hamuoni kwa sababu kuna watu upande wa pili.

Fanya hesabu. Tuseme mzee ana kilo 95 na shemeji 80, jumla 175. Mara 20 ni 3,500. Kinachowazuia wasianguke ni uzito wa meza, kilo 70 mara 45, ambayo ni 3,150. Wao wameshinda. Angekaa mzee peke yake, 95 mara 20 ni 1,900, meza ingetulia na usingejua kama ina ugonjwa. Wakikaa wawili na wawili, inatulia pia. Ilikuwa inasubiri siku ambayo wawili watanyanyuka pamoja.

Dawa ni kupeleka mguu nje mpaka chini ya benchi. Ukifika sm 60 au 65 kutoka katikati, hao wawili hawaiwezi tena, hata wakijiegemeza nyuma kwa shibe.

---

Dada Seremala

Mzee kamaliza upande wa hesabu, mimi niingie na msumeno. Niko kwenye kazi hii mwaka wa 11, nilijifunzia Keko.

Kwanza huo mguu. Meza hizi miguu yake hutanuka kama mtu aliyesimama mguu pande. Juu inakaribiana, chini inaachana. Na kuikata ilingane si kazi kama unavyodhani. Usikate mguu mmoja mmoja ukipima upya kila mara, hapo ndipo unapopotea. Ncha ya juu na ya chini za mguu zina mshazari uleule, zinakwenda sambamba. Kwa hiyo chukua ubao mmoja wa futi 12, kata mshazari wa kwanza, pima, kata wa pili kwa mshazari uleule, endelea hivyo. Kila unapokata, mwisho wa mguu huu ndio mwanzo wa mguu unaofuata. Ubao mmoja unatoa miguu yote minne ya sm 78 hivi na kipande kinabaki. Mguu wa kwanza ukiupata, huo ndio kigezo: ulalie juu ya ubao, chora kwa penseli, kata. Usipime tena kwa futi kamba.

Hiyo ni kwa anayeanza upya. Wewe meza unayo tayari, usiifumue. Nunua ubao mmoja wa mbili kwa sita, toa vipande viwili vya sm 130. Kila kimoja kilaze kwenye ardhi kwa ubavu wake mwembamba, ukibane kwenye miguu miwili ya kichwa kimoja cha meza. Hicho tunakiita kiatu. Kitatokeza sm 20 kila upande na kitaishia usawa wa katikati ya benchi, hakitamkwaa mtu.

Ila usiache kiatu kilale chini chote. Ardhi ya uani haijanyooka, kitakaa juu ya kijiwe katikati na meza itaanza kubembea. Chini ya kila ncha pigilia kipande kidogo cha ubao mgumu, unene wa nchi moja, ili meza isimame kwenye pointi nne tu. Vikilika au vikioza unabadilisha hivyo vinne, kiatu kinabaki. Na kiatu kifunge ukiwa umeviweka tayari, usije ukafunga kwanza halafu miguu ikaning'inia.

Sasa swali langu: umeunga kwa nini? Misumari?

---

Mwenye Mwembe

Misumari ya nchi nne dada. Mingi.

---

Dada Seremala

Nilijua. Hiyo "mingi" ndiyo inayoniogopesha. Ubao wa mpaini ukiuchoma misumari mitano mahali pamoja unapasuka, na kwa sababu ulinunua mbichi, ukikauka unasinyaa na misumari inalegea. Shika kichwa cha meza uisukume kwa urefu. Inayumba?

---

Mwenye Mwembe

Inayumba kama daladala ya Mbagala.

---

Dada Seremala

Basi kazi ni mbili. Kila mahali mguu unapokutana na ule ubao unaobeba mabenchi, na mguu unapokutana na ule ulio chini ya meza, toboa matundu mawili upitishe bolti. Milimita 10 inatosha. Mbao mbili zikishapigwa randa zinakuwa na unene wa sm 9 kwa pamoja, kwa hiyo chukua bolti ya sm 11 au 12, weka washa upande wa nati, la sivyo nati itajichimbia kwenye mpaini kama kidole kwenye ugali. Matundu yasiwe kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mbao, yapishane, mti usije ukachanika. Kaza leo, kaza tena baada ya mwezi.

Ya pili, mshazari. Ubao wa mbili kwa nne, kutoka katikati ya ule unaobeba mabenchi, uende juu mpaka katikati ya uso wa meza kwa chini. Mmoja kila upande. Bila hiyo meza itayumba hata ukiweka bolti mia.

---

Mwana wa Kibokoni

Mimi niko Mombasa, hewa yetu ni ya chumvi. Ndugu yangu, bolti zisiwe zile nyeusi za kawaida. Mimi niliweka hizo kwenye meza yangu ya uani, mwaka haukwisha kila tundu lilikuwa linatoa machozi mekundu mpaka kwenye mabenchi, watu wakiinuka wana alama nguoni. Tafuta zilizopakwa zinki. Na kati ya mbao za juu umeacha nafasi? Mimi nilizibana pamoja nikiona ndiyo ustadi, mvua ikawa inalala juu.

---

Mwenye Mwembe

Nimezibana nami. Mbona inaonekana hakuna kosa ambalo sijalifanya.

---

Kijana wa Mafinga

Mkuu, hapo una bahati. Mbao zilikuwa mbichi, zitajiachia zenyewe zikikauka 😂. Ukizipiga zikiwa kavu ndipo unapoacha nafasi, penseli ya kawaida ipite katikati. Mvua inashuka, makombo yanashuka, kuku wanakula chini.

Huku kwetu kuanzia shamba la miti Sao Hill mpaka Mafinga mjini, lori la mpaini likitoka leo kesho liko Dar, ubao bado una maji. Ukinunua, panga kivulini juu ya matofali, kila tabaka utenge kwa vijiti ili upepo upite, juu uweke uzito. Mimi huacha wiki sita hadi nane. Ubao wenye macho meusi makubwa usiuweke kwenye benchi, jicho hudondoka na kubakiza tundu.

---

Kobe Mzee

Wakuu, hivi ni upande upi wa ubao unakaa juu, ulioelekea moyo wa mti au ulioelekea ganda? Fundi wangu kila siku ananiambia habari tofauti.

---

Kijana wa Mafinga

Moyo juu. Ubao ukikauka hujikunja kuelekea upande wa ganda, kwa hiyo ukiweka ganda juu unapata bakuli la kukingia mvua.

---

Dada Seremala

Mpaini ukiweka moyo juu, baada ya mwaka nyuzi zinaanza kunyanyuka kama vibanzi na zinachoma mapaja. Mezani weka moyo juu kama unavyosema, kwenye benchi mimi naweka uso ulio laini zaidi basi. Ubao ukiwa mkavu na umebanwa na skurubu mbili kila unapopita, haujikunji kiasi cha kugombania.

---

Mhandisi Mstaafu

Kuna swali la dawa limerukwa, nalo ni kubwa kuliko la kanzu.

Ule ukijani unatokana na shaba. Dawa inayotumika sana kwenye nguzo na mbao ni mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki. Aseniki ni sumu. Kwa nguzo ya umeme au kenchi la paa, haina mjadala, mchwa hawasogei. Kwa meza ya chakula ni habari nyingine. Marekani viwanda vyenyewe viliacha kuitumia kwa meza za nje, sakafu za baraza na vifaa vya kuchezea watoto kufikia mwisho wa 2003. Muulize aliyekuuzia ni dawa gani. Akijiumauma, chukulia ni hiyo.

Si lazima uitupe. Miguu na viatu viache hivyo hivyo, huko ndiko mchwa wanakopandia. Uso wa meza na mabenchi badilisha kwa mbao zisizo na dawa ukipata hela. Kwa sasa tandika kitambaa cha plastiki, chakula kisiguse mti, watoto wanawe mikono. Usiipige msasa bila kufunika pua na mdomo, na vumbi lake lisibaki uani.

Na vile vipande ulivyokata viko wapi?

---

Mwenye Mwembe

Mzee… mke wangu amekuwa akivichomea maandazi.

---

Mhandisi Mstaafu

Avitoe leo. Si kesho. Moshi wake una aseniki na jivu lake lina zaidi, hata bustanini lisimwagwe. Mpelekee mkaa.

---

Mama Ukwaju

Mimi si fundi, ila nilitaka kusema watu wengi hapa wangemshauri apake oili chafu, na nawashukuru hamjafika huko. Baba watoto alipaka meza yetu oili chafu ya gereji dhidi ya mchwa. Miaka miwili sasa, ukiweka kiwiko unatoka na alama nyeusi, na chapati zinanuka basi la mkoani.

---

Dada Seremala

Hahaa. Oili chafu mezani hapana. Kwa chini, kila ncha ya kiatu ikae juu ya kipande cha zege au tofali gumu, isiguse udongo, na kila mwezi uangalie kama kuna njia ya udongo inapanda. Mchwa wanaokula mbao hawaruki, wanajenga barabara. Ukiiona unaivunja. Juu paka vanishi ya nje, na zile ncha zilizokatwa zipake mara tatu, huko ndiko maji yanakonyweka.

Mwenye hela aende kwenye mtiki. Ya Longuza kule Muheza au Mtibwa. Mninga na mkongo pia, lakini kwa mwenye mahari inayodaiwa sitaji.

---

Mwenye Mwembe

Wakuu, mrejesho baada ya wiki tatu.

Viatu nimefunga, bolti 16 za zinki, mishazari miwili. Misumari niliyong'oa imejaa kopo la maziwa. Vipande vya jikoni nimefukia mbali na bustani, mama watoto alinuna siku mbili, kisha akaelewa. Mabenchi nimeshabadilisha, uso wa meza bado una kitambaa.

Jaribio: mimi, shemeji na jirani mwenye drili tumekaa watatu upande mmoja, upande wa pili hakuna kitu. Tukajiegemeza nyuma. Haikusogea. Jirani akaruka ruka, nikamkemea.

Jumapili baba mkwe akapita. Akaizunguka meza mara moja, akainama, akagusa kiatu kwa ncha ya bakora, akasema, "Umeiongezea miguu." Nikamwambia ndiyo baba, karibu ukae. Akasema ahsante, akaenda barazani akajibebea kiti cha plastiki, akakiweka kwenye kichwa cha meza, akala hapo.

---

Kobe Mzee

Kichwa cha meza ndipo pa mzee. Hapo hajakukosea.

---

Mama Ukwaju

Na kanzu ilitakata?

---

Mwenye Mwembe

Haikutakata dada. Nimepeleka nyingine.