Tipu inang'oka kila mara: shida ni tipu au feruli?

KijanaWaKondele
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mchezaji wa pool wa mtaani hapa Kisumu. Bingwa si mimi, lakini sipigwi ovyo. Mwaka jana nilijinunulia fimbo ya mtumba, ile ya vipande viwili vya kufungana, nikaachana na fimbo za baa zilizopinda kama upinde.

Tangu Machi nimebadilisha tipu, kile kingozi cha nchani kinachogusa mpira, mara tatu. Ya kwanza iliruka nikivunja mipira mwanzo wa mchezo, ikatumbukia kwenye soda ya jamaa wa meza ya pili, nikamlipia nyingine. Ya pili ilianza kuinuka upande mmoja. Hii ya sasa haijatoka, ila nikipiga nasikia "tak" kavu, kama kikombe chenye ufa, na mpira mweupe haushiki spini hata nipake choki namna gani.

Fundi aliyeiweka anasema ninunue tipu ya tabaka za ngozi kutoka Japani, Kamui, tena nitoe feruli, ile pete nyeupe ya plastiki chini ya tipu, niweke ya shaba, eti shaba haipasuki. Tipu yangu ni ya milimita 13. Pesa niliyonayo inatosha kitu kimoja tu. Nianze na kipi?

OtongloKidogo
Uza fimbo, ununue ngege, ulale umeshiba.

FundiFimbo_Nakuru
Hiyo "tak" ndiyo habari yenyewe, mdogo wangu. Tipu iliyokaa vizuri hutoa sauti nzito. Ikilia hivyo, aidha gundi haijashika chote, au feruli imepasuka, au feruli imeachana na mbao ndani.

Fanya hivi kabla hujatoa hata shilingi. Sugua choki ya buluu kwenye feruli yote, kisha ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Plastiki nzima itarudi nyeupe. Palipo na ufa patabaki mstari wa buluu, hata kama ufa ni mwembamba kama unywele. Halafu shika feruli kwa vidole viwili ujaribu kuizungusha. Ikicheza hata kidogo, umepata jibu.

Kuhusu shaba, hapo simuungi mkono fundi wako. Shaba utaiona kwenye fimbo za Kiingereza za milimita 9 au 10, ambako feruli ni ndogo na ukuta wake mwembamba. Ukiweka shaba kwenye ncha ya 13 umeongeza uzito mahali pabaya kabisa. Ukipiga mpira mweupe pembeni, ncha ya fimbo husukumwa kando. Kadiri ncha ilivyo nzito ndivyo mpira unavyotoka nje ya mstari uliolenga. Utalaumu macho yako bure.

DadaWaSection58
Niongeze hapo. Watu huabudu tipu, lakini ngozi na mpira hugusana kama sehemu moja ya elfu ya sekunde basi. Mimi nimecheza miaka na Elk Master, ile ya buluu ya kipande kimoja, tena laini. Ubaya wake hufura pembeni kama uyoga, kila baada ya siku chache uko na msasa mkononi. Ya tabaka haifuri haraka hivyo, lakini ukiikata vibaya tabaka zinaachana. Nyeupe ikikukatalia spini, angalia umbo kwanza. Chukua ile shilingi tano ya zamani ya rangi mbili, uisimamishe kando ya tipu. Kama tipu ni bapa kuliko mviringo wa sarafu, ichonge. Choki haisaidii tipu bapa.

MzeeWaKakamega
Kuna wazungu huloweka hiyo Elk Master kwenye maziwa, wanaibana kwa jiliwa mpaka ikauke, ndipo wanaibandika. Inakuwa ngumu kiasi. Nilijaribu mara moja, mama watoto akauliza kwa nini chai haina maziwa.

FundiFimbo_Nakuru
Mzee, hayo ni kweli, na inafanya kazi! Ila tipu ya maziwa juu ya feruli mbovu itaruka kama zile nyingine.

Kijana, jambo lingine. Gundi ya zamani usiitoe kwa dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Nyingi zina asetoni, na feruli nyingi za bei rahisi ni plastiki inayoyeyuka humo. Nililetewa moja imelegea kama chingamu. Kwaruza kwa wembe taratibu. Kisha laza msasa juu ya kioo, sugua chini ya tipu mpya mpaka pawe sawasawa. Supaglu tone moja, bana, uache usiku kucha. Aliyekubandikia akakwambia cheza baada ya dakika kumi alikuwa na haraka ya mteja mwingine.

DadaWaSection58
Na usiiache ndani ya gari juani. Kisumu hiyo! Joto linalegeza gundi na kupinda mbao.

KijanaWaKondele
Nimerudi. Choki imeonyesha mistari miwili ya buluu, mmoja umepanda mpaka ukingoni chini ya tipu. Nimeing'oa tipu kwa ukucha tu, wala sikutumia nguvu. Chini yake kuna gundi ya zamani imeganda mafungu mafungu kama ugali wa jana, na upande mmoja ngozi haikugusa kitu. Mbao ya ndani ninavyoiona haijapasuka. Kwa hiyo Kamui isubiri?

FundiFimbo_Nakuru
Isubiri. Nunua feruli ya feno, ile plastiki ngumu, au ya faiba ya 13, ikae kwa gundi ya kuchanganya, si supaglu, na ikerezwe mpaka ilingane na mbao. Kwa mkono hutaipata sawa, lazima mashine ya kukereza. Pesa ikibaki, tipu ya kipande kimoja ya ugumu wa kati inakutosha kabisa kwa meza za sarafu.

KijanaWaKondele
Hapa sijaona mwenye mashine ndogo kiasi hicho. Nikikutumia Nakuru kwa matatu?

FundiFimbo_Nakuru
Tuma kipande cha mbele peke yake, kitako baki nacho. Kitie ndani ya bomba la plastiki la maji, ujaze magazeti pande zote mbili. Mwambie kondakta asikikalie.