Punguzo la kodi kwa riba ya mkopo wa nyumba: sisi wa Kigoma tumo?

Wakuu, salaam kutoka Mwanga.

Hoja yenyewe ni hii: mwenye mkopo wa nyumba apunguziwe kodi kwa sababu ya riba anayolipa benki. Wanaoitetea wanatolea mfano Kenya. Kule anayeishi kwenye nyumba aliyoikopea huondolewa riba ya hadi shilingi 360,000 za kwao kwa mwaka kabla mshahara haujapigiwa kodi. Kabla ya Desemba 2024 kikomo kilikuwa 300,000.

Mimi napinga, na si wivu.

Nyumba yangu ipo Katubuka. Msingi nilimwaga kwa mkopo wa mshahara, kuta nikapandisha kwa mwingine, sasa ipo kwenye lenta. Sebuleni umeota mpapai, na mama watoto amekataza usikatwe mpaka aone bati. Riba nakatwa kila mwezi. Ila benki hawanihesabu kuwa na mkopo wa nyumba, maana dhamana ni mshahara. Kiwanja hakina hati. Punguzo likija litanipitia pembeni, na wenzangu wengi kazini wamejenga hivyohivyo.

Haya, tuseme hati ninayo. Mshahara unaotozwa kodi ukiwa 760,000 kwa mwezi, PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, ni 68,000, yaani 816,000 kwa mwaka. Mkopo wa milioni 20 kwa riba ya asilimia 16 unadai riba ya kama milioni 3.2 mwaka wa kwanza. Hata nikisamehewa PAYE yote, nimefidiwa robo tu. Na tukiiga Kenya, mwenye mshahara mkubwa aliye ngazi ya kodi ya asilimia 30 anaokoa 30 kwa kila mia ya riba, wa ngazi ya chini anaokoa 8. Muuza dagaa wa Kibirizi asiyekatwa PAYE? Hata senti.

*Nesi wa Gungu:* Kaka, robo unaiita tu? Mimi hati ninayo, nimeihangaikia, na mkopo wangu ni wa nyumba kabisa. Hiyo 816,000 ni mifuko mingapi ya saruji? Halafu watu wakiona mwenye hati anapata kitu, watapima viwanja vyao. Sasa hivi hati inawekwa sandukuni tu na vyeti vya ubatizo.

*Mtoa mada:* Dada, kwenye hati umenibana kidogo. Lakini Uingereza walikuwa na punguzo hili miaka mingi, wakalifuta Aprili 2000. Muuzaji akijua mnunuzi anarudishiwa kitu, bei anaipandisha, faida inaishia kwake. Kinachotuumiza ni riba yenyewe kuwa asilimia 16.

*Fundi, Ujiji:* Wasomi mnabishania riba, mimi wateja wangu hata benki hawaijui. Mama anauza mawese, akipata ananunua bati tatu, anazilaza chini ya kitanda. Kwenye kila bati amelipa VAT asilimia 18. Punguzeni hapo, atalifaidi na yeye na huyo wa mkopo.

*Nesi wa Gungu:* Fundi, bati nakuunga mkono. Ila duka likiamua kubakiza bei ileile, VAT ikaishia mfukoni mwa mwenye duka, huyo mama atamshtaki wapi? Punguzo la PAYE angalau naliona kwenye salary slipu yangu.

*Fundi, Ujiji:* Nesi, hapo sina jibu. Mwenye duka aje aseme mwenyewe.