Mrejesho: ile turbo kwenye IST ya 1NZ

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niliuliza kama inafaa kufunga turbo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi) kwenye Toyota IST yangu ya 1NZ-FE, injini ambayo kwangu ilikuja bila turbo. Mlinionya kuhusu kompresheni yake kubwa ya 10.5 kwa 1 (jinsi inavyobana hewa na petroli ndani ya silinda): ukiisukumia hewa zaidi, petroli inajiwakia kabla ya wakati, injini inagonga, pistoni zinapasuka. Onyo hilo limeniokoa.

Nimefunga, ila presha ya turbo tumeishia baa 0.4. Tumeweka nozeli kubwa za petroli, intakula (ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo), na kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya kupangwa upya, ili cheche za plagi zichelewe kidogo turbo inaposukuma. Hiyo boksi ndiyo iliyokula hela.

Kilichonitesa ni moshi wa bluu. Fundi wa kwanza alitoboa tundu la kurudishia oili chini ya usawa wa oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Kumbe oili ikitoka kwenye turbo inashuka kwa uzito wake tu, hakuna pampu inayoisukuma. Ikikuta njia imejaa inabaki juu, inapenya kwenye sili za turbo, inaungulia kwenye ekzosi. Nilikuwa tayari kununua turbo nyingine! Tukapandisha tundu, bomba likashuka moja kwa moja, moshi ukakata.

Mlima Kitonga nimeupanda na abiria watatu, gari halikuchoka. Konrodi (vyuma vinavyoshika pistoni) bado ni za kiwandani, kwa hiyo presha siongezi hata kidogo. Asanteni sana.